Ukurasa Uliokawia Kuitika

Chumba cha seva kilikuwa chumba pekee chenye baridi nilichopata kuingia Ifakara. Tulivua viatu mlangoni, na mimi nilijifunga kanga mabegani kabla ya kusukuma mlango. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Nyuma ya ukuta mmoja ndipo mradi ulipofugia mbu, ndani ya vizimba vya chandarua, na ukinyamaza ungesikia mlio wao mwembamba ukichanganyika na mlio wa feni za mashine. Mwanzoni, nilipokuwa nafagia tu, nilisimama katikati ya chumba na fagio mkononi nikijaribu kujua ni upi mlio wa mashine na ni upi wa mbu. Sikuwahi kujua kwa hakika.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Nilikuwa msichana wa aibu, wa kujibu kwa kutikisa kichwa. Nilisoma polepole na kwa sauti, kama tulivyofundishwa, kidole kikifuata maneno. Kusoma kimya sikuweza. Macho yalipita juu ya maneno bila kushika kitu mpaka midomo iyatamke.

Mradi ulikuwa wa malaria. Wahojaji walipita vijijini kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, wakiuliza nani yupo, nani amehama, nani amefariki. Majibu yao yalichapwa na dada mmoja mnene, mcheshi, ambaye meza yake ilikuwa mle mle chumbani, mbele ya seva. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake ndani ya seva, kompyuta kubwa iliyotunza kumbukumbu za wote. Mtu yeyote wa ofisini, akiwa kwenye kompyuta yake, angeweza kuufungua ukurasa wa nyumba fulani ya kijiji cha Namawala, akaona majina ya wote wakaao humo, na mbele ya kila jina neno moja: Yupo. Au Amehama. Au Amefariki.

Taabu ilikuwa kusubiri. Ukibonyeza, seva iliinuka kwa uchungu kama bibi mwenye magoti mabovu. Diski iliyokuwa ndani yake ilianza kukwaruza, kwaru kwaru, kama panya anayetafuna gunzi la hindi darini, na wewe unangoja. Dada mchapaji alikuwa akibonyeza kisha anakwenda kuchukua chai.

"Nikirudi nitakuta mtu niliyemtafuta amekwishaoa," alisema.

Ndipo akaja fundi kutoka Dar es Salaam. Alishuka kwenye treni na vipande viwili vya memori ndani ya kopo la biskuti, amevifunga kwa karatasi inayong'aa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kuongea na mashine kama anavyoongea mfugaji na ng'ombe wake. Alifungua seva, akapachika vile vipande vya kuiongezea kumbukumbu, kisha akakaa siku kadhaa akiandika maagizo. Mimi nilipiga deki kuizunguka miguu yake.

"Wewe dada mdogo," aliniambia siku moja, "nikikuuliza jina la mama yako, unakwenda nyumbani kuuliza?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Kwa nini huendi?"

"Nalijua," nikasema kwa sauti ndogo.

"Basi. Huyu alikuwa halijui. Kila akiulizwa anakwenda mpaka nyumbani kuuliza, anarudi. Mtu wa pili akimuuliza swali lile lile, anakwenda tena. Sasa nimemfundisha. Akishaenda mara moja, jibu analiweka kichwani. Ukimuuliza tena anakupa hapo hapo, haendi popote."

Alinikalisha mbele ya kompyuta ya pembeni, akaniambia nifungue ukurasa wa nyumba yoyote. Diski ikakwaruza, tukangoja, ukurasa ukaja. Akaniambia niufunge niufungue tena. Nilibonyeza, na kabla kidole hakijainuka ukurasa ulikuwa umeshafika. Diski ilikuwa kimya kabisa. Yale majina yalisimama pale kama watu waliokuwa nyuma ya mlango muda wote, wakingoja uwaite.

Nilijikuta nimerudisha kiti nyuma.

"Hiyo ina jini," alisema dada mchapaji. "Mimi simo. Jibu linakuja kabla sijauliza?"

"Umeuliza, mama," fundi akamjibu akicheka. "Umeuliza jana."

Kwa siku chache ofisi nzima ilifurahi. Lakini masika yalikuwa yameanza, na radi za bonde letu kila mtu anazijua. Zilikuwa zimekwishaunguza mashine moja mwaka uliopita. Kwa hiyo fundi aliamuru kila jioni seva izimwe na waya uchomolewe ukutani. Na seva ikizimwa, kichwa chake kinakuwa kitupu. Vile vilivyo kwenye diski vinabaki, lakini yale majibu ya haraka yote yanapotea. Asubuhi mtu wa kwanza kufungua ukurasa wa kila nyumba alirudi kule kule kwenye kungoja.

Fundi alitaka mtu wa kuja mapema, kabla ya wakubwa, aiwashe seva na kufungua kurasa zote mojamoja, ili wakifika wakute imeshazikumbuka. Kazi hiyo haikuhitaji elimu. Ilihitaji mtu asiyechoka upesi. Akanipa mimi.

Ndivyo nilivyoanza kupita majumbani kila asubuhi bila kutoka kwenye kiti. Niliwasha, nikasikia feni zikiamka, na nyuma ya ukuta mbu nao. Kisha nyumba ya kwanza. Diski ikwaruze, ukurasa uje, nami nisome kwa sauti majina ya wote, maana ndivyo nilivyojua kusoma, na fundi alitaka nihakikishe ukurasa umefika mzima. Nyumba ya pili. Ya tatu. Baada ya siku chache niliona si adabu kuingia kwa watu kimya, nikawa nasema "hodi" kabla ya kubonyeza.

Dada mchapaji aliingia akanisikia.

"Eti hodi! Wanakuitikia?"

Nikainamisha uso.

"Huyu tumwite Balozi," akasema. "Balozi wa nyumba kumi kwake ni kidogo, huyu amepewa Namawala nzima." Jina likanishika. Hata fundi akawa anasema, Balozi, kwako hawajambo?

Sasa, kwetu mtu akifa hatajwi jina mpaka matanga yaishe. Wazee wetu wanasema marehemu yuko njiani bado. Ukimtaja anageuka nyuma. Tukitaka kumsema tunasema yule, au baba wa fulani. Wahojaji walipoleta habari za msiba, dada mchapaji aliandika Amefariki, na mimi asubuhi yake nilipofika kwenye nyumba ile niliiruka. Sikusema hodi, sikufungua. Nilipita kama mtu apitavyo mbele ya nyumba yenye turubai na watu waliokaa chini. Niliirudia baadaye, matanga yakishaisha.

Sikuwaza kwamba kuna mtu ataona. Lakini kurasa zote zikiwa zinakuja kama umeme, chache zinazokawia zinaonekana sana. Dada mchapaji ndiye aliyegundua. Siku moja alibonyeza, seva ikaanza kukwaruza, na yeye akaondoa mkono mezani taratibu.

"Hii ina msiba," akasema.

Ukurasa ukaja. Ilikuwa kweli.

Akajaribu nyingine anayoijua, nayo ikakwaruza. "Mnaona? Mnaona? Zenye marehemu haziji haraka. Mashine inajua."

Fundi alicheka, kisha akanitazama mimi, na kicheko kikaisha. Alingoja mpaka dada alipotoka, akaniuliza. Nilimweleza, nikitazama sakafu. Nilidhani atanifukuza. Aliikuna shingo.

"Basi ziache," alisema. "Zikihitajika zitakuja zenyewe, polepole."

Alimweleza dada pia, ili aache kutisha watu. Dada akaelewa, akanitania kutwa nzima. Lakini kuelewa hakukumsaidia. Seva ikianza kukwaruza, mazungumzo chumbani yalikatika. Niliwaona hata wakubwa, watu waliosoma ng'ambo, wakibonyeza jina la nyumba na kusogeza uso karibu kidogo, wakisikiliza. Ukurasa ukija kimya kimya waliegemea kiti. Mimi mwenyewe niliyezianzisha kurasa za polepole, nikimsikia yule panya akitafuna nilikuwa nikiacha kufagia.

Mama yangu wakati huo alikuwa ng'ambo ya mto. Kila mwaka alivuka kulima mpunga kule mabondeni, akaishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, mpaka mavuno. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Alikuwa amevuka na mbegu, na chumvi, na kambale wakavu wachache, akaniambia nisimsahau kuku wake anayeatamia.

Mwaka ule mvua haikujua kunyamaza. Mto ulipanda, ukatoka njia yake, ukaingia mashambani. Pantoni ikafungwa. Wavuvi waliothubutu kuvuka kwa mitumbwi walirudi wakisema huko ng'ambo hawaoni tena madungu, wanaona matete na maji tu, na mamba wanaota jua mahali palipokuwa njia. Nilikwenda kivukoni kila nilipotoka kazini. Nilisimama na wengine wenye ndugu zao huko. Hakuna aliyekuwa na habari ya kumpa mwenzake.

Nyumba yetu nayo ilikuwa kwenye seva, kwa kuwa wahojaji walifika mpaka mtaa wetu. Ukurasa ule ulikuwa na majina mawili. Kuanzia siku pantoni ilipofungwa, nilianza kazi kwa kuufungua huo kwanza. Hodi. Kwaru kwaru. Jina la mama: Yupo. Nilijua neno lile liliandikwa na mhojaji kabla ya mafuriko. Nilijua sana. Lakini nilikuwa nikilisoma kwa sauti, na sauti yangu mwenyewe ikisema Yupo ilinipa nguvu ya kuendelea na nyumba nyingine.

Alasiri moja, tukiwa wote chumbani, niliufungua tena, kwa hamu tu. Nilitegemea uje papo hapo, maana nilikuwa nimeufungua asubuhi.

Seva ilianza kukwaruza.

Dada mchapaji aliacha kuchapa. Fundi aligeuka. Hakuna aliyeniuliza ni nyumba ya nani. Uso wangu ulisema. Yule panya alitafuna na kutafuna, mbu wakilia nyuma ya ukuta, na mimi nikashika ukingo wa meza nikangoja nione neno gani limeandikwa mbele ya jina la mama yangu.

Yupo.

"Umeiruka asubuhi," dada akasema haraka. "Umeisahau tu, mdogo wangu. Umesahau."

"Sikuisahau."

Fundi alikuja akachuchumaa kando ya kiti changu. Alieleza kwa sauti ya chini. Alisema wiki ile wameongezwa watu wa vijiji vingine, mpaka Mchombe, na kichwa cha seva si kikubwa. Kikijaa, seva inatupa kitu ili iweke kingine. Inatupa ule ukurasa ambao haujaulizwa na mtu kwa muda mrefu kuliko zote.

"Ndiyo desturi yake," alisema. "Si kingine. Mimi ndiye niliyeiagiza hivyo. Wewe wa kwanza asubuhi unaufungua huo, ndiyo maana unakuwa wa kwanza kutupwa. Hakuna mwingine aliyeuuliza siku nzima."

Alitaka kunituliza, na maelezo yake yalikuwa ya kweli. Lakini nilichokisikia ni hicho cha mwisho. Hakuna aliyemuuliza mama yangu siku nzima.

Tangu hapo nikawa namuuliza mimi. Nilifungua ukurasa ule asubuhi, na kila nilipomaliza safu ya nyumba nilirudi kwake. Nilipokuwa nafagia niliegemeza fagio nikaenda kubonyeza. Na kila mara nilisoma kwa sauti, jina lake lote, la kwake na la baba yake. Mara nyingine baada ya jina nilisema, "Mama." Mara nyingine nilisema, "Mama, njoo." Dada mchapaji hakunitania tena. Ukurasa ulikuja kimya, upesi, siku zote. Haukukawia hata mara moja. Nilifikiri nimemshika.

Maji yalianza kushuka. Mitumbwi ya kwanza ikavuka, ikarudi na watu waliokonda, wenye nguo za rangi ya tope. Siku ya pili au ya tatu nilikuwa pale kivukoni jua likiwa bado juu, nikamwona mama akishuka mtumbwini na furushi kichwani.

Nilikimbia. "Shikamoo, mama!"

Hakuitika. Alisimama kwenye tope, furushi kichwani, akanitazama toka miguuni mpaka usoni kama anayenunua mbuzi. Nikamwamkia tena. Akaninyooshea mkono wa kunizuia nisisogee. Kisha yeye ndiye aliyesogea, akanishika kidevu kwa vidole vyake vikavu, akakigeuza upande wa jua, akaangalia kovu langu la moto shingoni.

"Marahaba," alisema hatimaye. Akaketi chini palepale, kwenye tope.

Alizungumza tulipofika nyumbani, baada ya uji.

"Kule nilikuwa naitwa," alisema.

"Na nani?"

"Na wewe."

Nilisogeza kigoda karibu naye.

"Maji yalifika ngazi ya pili ya dungu. Nilikuwa peke yangu, yule mzee wa dungu la jirani yuko mbali, tunapungiana tu mikono. Nikaanza kusikia unaniita kutoka kwenye matete. Mchana kweupe. Asubuhi sana, halafu baadaye kidogo, halafu tena. Jina langu lote, na la baba yangu. Nani ananiita na jina la baba yangu? Hata wewe hujawahi."

"Labda watoto waliokuwa wanaamia ndege wasile mpunga," nikasema.

"Ndege gani kwenye maji? Watoto gani?" Aliweka bakuli chini. "Najua mtu haitiki asipomwona anayemwita. Sikuitika. Lakini siku moja ulisema, 'Mama, njoo.' Ulisema kwa huruma. Nikashuka ngazi. Nimekwishatia mguu mmoja majini, mpaka hapa gotini, ndipo yule mzee akanipigia kelele. Alikuwa ameona kitu kimelala mle kwenye matete, kinanitazama."

Kuku wake alipita mlangoni na vifaranga. Mama aliwatazama, hakutabasamu.

"Kama ulikuwa unaniombea, sawa," alisema. "Kama ulikuwa unafanya kingine, sitaki kukijua. Ila usiniite tena, mwanangu. Usiniite nikiwa mbali na macho yako."

Nilimwambia, ndiyo mama. Sikumweleza habari za seva. Ningeanzia wapi?

Asubuhi iliyofuata nilimngoja fundi, nikamwambia yote, na huo ndio usemi mrefu kuliko wote niliopata kumpa mtu pale ofisini. Nilitegemea anieleze tena, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba seva haina mdomo, kwamba waya wake unaishia ukutani. Hakueleza. Alitazama ukuta wa mbu.

"Unataka tufanyeje?" aliuliza.

"Tuutoe."

"Kuufuta siwezi, ni kumbukumbu za mradi."

"Usiufute. Seva isiushike kichwani."

Alielewa. Aliketi akaandika agizo fupi, la ukurasa ule mmoja tu kati ya kurasa zote: usiwekwe akiba kamwe. Mtu yeyote akiuuliza, seva iende yenyewe mpaka kwenye diski ikautafute, irudi. Na mimi katika mzunguko wangu wa asubuhi nikawa nauruka. Dada mchapaji alijifunza kuwa ukurasa ule hukwaruza siku zote na hauna msiba. Aliwahi kuufungua nikiwepo, kwa kazi yake, na sote tuliungoja bila kutazamana mpaka ulipokuja.

Mama aliishi. Aliendelea kulima, ila upande huu wa mto, na ngazi za dungu hakupanda tena. Kitu kimoja tu hakikurudi kama zamani. Nikitoka kazini nilisimama nje ya mlango wetu, nikapiga hodi. Nilijua yuko ndani. Nilisikia ungo wake ukipepeta mchele. Ungo ulikuwa unasimama, na kimya kinakuja, kirefu, nami nakingoja pale nje, viatu mkononi, bila kurudia hodi ya pili. Kisha nilisikia miguu yake ikija polepole kwenye sakafu ya udongo. Alichungulia, akaniona, akaliangalia kovu.

"Karibu," alisema.